Jogoo nimeshamuuza, mayai ya mitetea yatatotoa au niyauze ya kula?

MamaBanda_Ujiji

Wakuu habarini za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, mitetea saba, na nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu. Jogoo huyo nimemuuza wiki iliyopita kwa mtu wa Kasulu, bei ilikuwa nzuri na shule walikuwa wanadai michango. Nimeagiza mwingine, chotara, atafika wiki ijayo In shaa Allah.

Sasa mitetea hawajaacha kutaga. Na mmoja, mweusi mwenye kishungi, ameanza kulalia. Ukimsogelea anavimba manyoya na kulia kwa ukali, hatoki kitagioni ila mara moja kwa siku, anakula haraka haraka, anakunywa, anarudi. Nataka nimwekee mayai kabla hajakata hamu.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefuga miaka mingi, ananiambia nisijisumbue. Kwa maneno yake, jogoo akitoka leo yai la kesho ni la kukaanga. Mama mwingine hapa mtaani anasema kuku akishapandwa mara moja, mayai yote ya mzao ule yana mbegu mpaka atakapoatamia. Nimfuate nani?

La pili, binti yangu yuko kidato cha pili, ameniuliza jambo nikakosa la kumjibu: kama ganda la yai ni gumu vile, mbegu ya jogoo inapita wapi? Na wale kuku wa mayai ya trei wanatagaje bila jogoo?

La tatu, huyo chotara akija, nikae muda gani ndipo niwe na uhakika vifaranga ni wake na si wa yule wa Kasulu?

Anayejua naomba anieleze taratibu, nielewe mimi na mtoto aelewe.

Kaka_Gungu

Dada, la mayai ya trei ni rahisi, hayana mbegu kabisa, hayatotoi. Hilo lipo wazi.

Kuhusu mbegu kubaki, mimi nimeliona kwangu. Mwaka juzi jogoo wangu aliumwa akafa, nikaendelea kukusanya mayai nikamwekea koo. Yalitotoa mengi, machache yakawa viza. Sababu yake ndiyo siijui.

Nami naongeza ya kwangu kwa wataalamu. Ukivunja yai ukakuta tone la damu, ndiyo kusema lilikuwa na mbegu? Na hili la kwamba mayai marefu yaliyochongoka ni majogoo na ya mviringo ni majike, lina ukweli?

ShangaziKuku_Mwanga

Nzuri mdogo wangu, pole na majukumu. Nilisoma mifugo Mpwapwa, nikarudi nyumbani Kigoma. Siku hizi kazi yangu ni kuandaa kuku wa shughuli na wa migahawa hapa Mwanga. Vijana wanachinja, mimi nanyonyoa na kufungua. Nitakueleza kama ninavyoviona mkononi.

Jibu kwanza. Mwekee huyo mweusi mayai, na umwekee leo au kesho. Chukua yote yaliyotagwa ndani ya wiki moja tangu jogoo aondoke. Mengi yatatotoa. Mzee jirani yako hayuko sahihi. Yule mama yuko karibu na ukweli, ila amevuta muda kupita kiasi. Sababu ni hii.

Siku ukichinja mtetea anayetaga, mwite binti yako akae karibu na karai. Toa utumbo na firigisi, kisha mwambie atazame juu, chini ya uti wa mgongo, upande wa kushoto, jirani na figo. Hapo ataona viini vya njano vimeshikana kwenye shina moja mfano wa mkungu wa chikichi. Vichache ni vikubwa na vimekoza, ukubwa ule ule wa kiini ukivunja yai. Vingine ni nusu yake, vingine vidogo na vyeupe, na pembeni kuna vingine vidogo zaidi ambavyo hutaviweza kuvihesabu. Hiyo ndiyo ovari. Kila kiini kimo ndani ya kifuko chake chembamba chenye mishipa ya damu. Havilingani kwa sababu havikomai pamoja: kikubwa kuliko vyote ndicho yai la kesho, kinachofuata ni la keshokutwa. Ini ndilo linalotengeneza mafuta na protini za kukijaza, damu inavipeleka, na kiini kikishaingia kwenye zamu kinakua kwa kasi, siku kumi hivi kimefika ukubwa wake.

Kisha mwambie atazame upande wa kulia. Hatakuta kitu, au atakuta mabaki tu. Kifaranga jike akiwa bado ndani ya yai huwa na ovari mbili na mirija miwili, ila ya kulia inasinyaa mapema. Ndege walio wengi wako hivyo, wanataga kwa upande wa kushoto peke yake. Baadhi ya jamii ya mwewe ndio hubaki na ovari zote mbili.

Kiini kikikomaa, kifuko chake kinapasuka kwenye mstari usio na mishipa. Kikipasuka pembeni ya mstari, kimshipa kinakatika na tone la damu linaganda juu ya kiini. Kaka wa Gungu, hiyo ndiyo damu unayoikuta. Haina uhusiano na jogoo wala mimba, hata kuku wa trei ambaye hajawahi kuona jogoo anaitoa. Itoe kwa ncha ya kijiko, yai linalika.

Kiini kilichoachiwa kinadakwa na mdomo mpana wa mrija wa mayai. Huu mrija watu wengi wanaufananisha na utumbo, wanauosha na kuutia sufuriani pamoja. Ni mweupe wenye uwekundu kwa mbali, umejikunja upande huo huo wa kushoto, na kwa kuku anayetaga ukiunyoosha unafika sentimita 60 hadi 70. Kwa temba ambaye hajaanza kutaga ni uzi mwembamba tu. Mimi kuku akiletwa na mwenyewe akaniambia "huyu alikuwa hatagi", mrija ndio unaoniambia kama ni kweli.

Binti asikilize hapa. Mbegu ya jogoo haipiti kwenye ganda hata siku moja. Inakutana na kiini pale mdomoni mwa mrija, wakati kiini hakina ute wala ganda. Na nafasi yenyewe ni fupi sana, kama robo saa. Mbegu lazima ziwe zimeshafika hapo juu zinangoja. Zisipokuwepo, ute unaanza kukizunguka kiini na mlango umefungwa. Baada ya hapo safari inaendelea vilevile, kiwe kimepata mbegu au hakikupata. Ndiyo maana kuku wa kisasa anataga bila jogoo. Kinachomtagisha ni umri wake, chakula chake, mwanga wa mchana na homoni za mwili wake. Jogoo hahusiki na kutaga, anahusika na kutotoa.

Kutoka hapo mdomoni kiini kinashuka kwenye sehemu ndefu kuliko zote, kinavishwa ute kwa saa 3 hivi. Kinafuata kipande chembamba, saa moja na kitu, hapo kinapata zile ngozi mbili unazozibandua ukimenya yai la kuchemsha. Halafu kinaingia kwenye mfuko wenye kuta nene na kukaa humo saa 20. Saa zote hizo ni za ganda! Rangi ya ganda kwa kuku wa mayai ya kahawia inapakwa humo humo mwishoni. Kuku akitaga asubuhi ukamchinja mchana ule ule, kwenye mfuko huo unakuta yai la kesho likiwa ndani ya ngozi tu. Lina umbo la yai kamili, lakini ukilishika linabonyea, limelegea, na ukiliinua kwenye mwanga kiini kinaonekana kinatembea. Akichinjwa alfajiri kabla hajataga, unakuta ganda limeshakuwa gumu.

Jumla ya safari ni saa 24 hadi 26, na kama nusu saa baada ya yai kutoka kiini kingine kinaachiwa. Wewe mwenyewe utakuwa umeona mtetea akitaga leo saa 2 asubuhi, kesho inakuwa saa 3 au saa 4, keshokutwa mchana, mpaka anaruka siku moja na kuanza tena asubuhi. Si uvivu, ni hizo saa zinazozidi.

Sasa jogoo. Korodani zake ni mbili na zote ziko ndani, zimeegemea figo juu mgongoni, nyeupe, umbo la haragwe. Beberu na fahali zao ziko nje zipate ubaridi, lakini za ndege zinatengeneza mbegu kwenye joto la mwili wenyewe, na mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi. Jogoo hana uume wa kuingiza. Anapanda, mtetea anasogeza mkia pembeni, matundu yao ya nyuma yanagusana sekunde chache, imekwisha. Bata dume na mbuni ndio wenye uume hasa, kuku na ndege wengi wengine hawana.

Manii anayoacha ni kidogo, mililita moja haifiki, ila mbegu ndani yake ni mamilioni kwa mamilioni. Sehemu kubwa mtetea anaitema nje. Zinazobaki zinapanda mpaka pale mfuko wa ganda unapokutana na njia ya kutokea yai. Hapo ukutani kuna vijifereji vidogo, kwa macho huvioni, unahitaji hadubini. Mbegu zinajipanga humo na kukaa zikiwa hai, kisha zinatoka kidogo kidogo na kupanda hadi mdomoni mwa mrija. Kila kiini kinaposhuka zinakuwepo za kukipokea. Hii ndiyo akiba ya mtetea, na ndiyo iliyototoa mayai ya Kaka wa Gungu baada ya jogoo wake kufa.

Akiba hiyo inadumu wiki mbili kwa kuku, mara nyingine inagusa ya tatu. Kwa bata mzinga inaweza kupita hata miezi miwili. Lakini inapungua kila siku. Wiki ya kwanza karibu mayai yote yana mbegu, wiki ya pili unaanza kukuta yasiyo na mbegu ukiyamulika kwa tochi, ya tatu usiiwekee tegemeo. Kwa hiyo Mama Banda una mayai mazuri sasa hivi, na siku chache mbele hutakuwa nayo.

Kuhusu chotara wako: mbegu za aliyepanda mwisho ndizo huchukua mayai mengi, ila za mwekundu bado zimo. Hesabu wiki tatu tangu yule alipoondoka, ukitaka kuwa na uhakika wa ukoo. Na akifika leo usichukue yai la kesho ukasema ni lake. Hilo lilikuwa limeshavishwa ute kabla hajashuka kwenye basi. Ya kwake huanza siku ya pili au ya tatu baada ya kupanda.

MamaBanda_Ujiji

Shangazi shikamoo, Mungu akuzidishie. Nimemsomea binti yote, amechora mrija kwenye daftari lake na kuandika saa pembeni ya kila kipande. Anasema Jumapili lazima tuchinje mmoja!

Nimeyaweka mayai 11 chini ya mweusi jana usiku. Naomba nikuulize mengine usichoke. Nitajuaje yapi yana mbegu bila kuyavunja? Halafu mtetea mmoja, mweupe, anataga mayai yenye ganda laini, jana moja lilikuwa ngozi tupu kama ulivyolieleza. Na wifi yangu amenicheka kwa kumuuza yule jogoo, ananiambia alikuwa "hazai majike", kwa kuwa mzao uliopita vifaranga walikuwa majogoo karibu wote. Je, chotara naye akiwa hivyo?

Mvuvi_Kibirizi

Mama, kwa ganda laini sisi huku Kibirizi tunaokota makombe ya konokono wa ziwani, tunayachoma kidogo yalegee, tunatwanga, tunawawekea kwenye kopo pembeni ya chakula. Na vichwa vya dagaa na mifupa ya migebuka tunakausha na kusaga. Kuku wenyewe wanajua kiasi.

ShangaziKuku_Mwanga

Marahaba mwanangu. Nianze na wifi, maana hilo linawaumiza watu.

Jogoo hana uwezo wa kuamua jinsia. Kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto wa kike au wa kiume. Kwa ndege mambo yamegeuka: mbegu zote za jogoo ni za aina moja, na mtetea ndiye mwenye viini vya aina mbili, vya kike na vya kiume. Kiini kinapoachiwa kutoka kwenye ovari kimeshajulikana ni cha upande gani, hata kabla hakijakutana na mbegu. Ukijumlisha mizao mingi inakuja nusu kwa nusu, lakini mzao mmoja wa vifaranga kumi unaweza kukutolea majogoo wanane na hakuna mtu wa kulaumiwa. Mwambie wifi chotara aachwe afanye kazi yake. Na Kaka wa Gungu, jibu lako liko hapo hapo: urefu wa yai unatokana na mrija wa kuku anayetaga, jinsi unavyolibana wakati wa kuliunda. Mtetea mmoja hutoa mayai ya umbo lile lile maisha yake karibu yote, na humo wanatoka majike na majogoo. Usiyachambue kwa macho ukatupa ya mviringo, utatupa vifaranga.

Ganda laini. Ganda karibu lote ni chokaa, na kwa yai moja mtetea anatoa gramu 2 hivi za kalsiamu safi mwilini mwake. Kazi kubwa ya ganda inafanyika usiku, wakati hali chakula. Kwa hiyo mwili wake una mfupa wa ziada ndani ya mifupa ya miguu, unaojengwa mtetea anapokaribia kutaga, na usiku anaumega na kuupeleka kwenye ganda. Asubuhi inabidi airudishe. Asiporudisha, siku za mwanzo utaona ganda jembamba, kisha ngozi tupu, mwishowe kuku mwenyewe anadhoofika miguu. Ndugu wa Kibirizi amesema vizuri sana, makombe ya ziwani ni chokaa halisi na yako bure. Asiyekuwa karibu na maji akaushe maganda ya mayai, ayachome kidogo, ayasage yawe unga kabisa kuku wasiyatambue, au anunue chokaa ya mifugo duka la pembejeo. Weka kwenye chombo cha peke yake. Ukichanganya kwenye pumba, jogoo na vifaranga watalazimika kula wasichohitaji.

Lakini angalia jambo moja. Huyo mweupe kama amewahi kuugua kideri, au alikohoa na kukoroma siku za karibuni, chokaa inaweza isimsaidie. Kideri na mafua makali ya kuku vinaharibu mrija wenyewe, na kuku aliyepona anaweza kuendelea kutaga mayai laini, yaliyopinda au yenye mikunjo. Wengine mrija unaharibika wangali vifaranga: viini vinakomaa, vinaachiwa, lakini mrija hauvipokei, vinamwagikia tumboni. Nimewafungua wa namna hiyo nikakuta tumbo limejaa maji ya njano, na mwenyewe alikuwa anaapa kuku wake kanona. Hili linanisikitisha kila nikiliona, kwa sababu chanjo ya kideri ya tone la jicho ni ya bei ndogo, unairudia kila miezi mitatu tu. Chanjeni, jamani. Mpeni chanjo na temba ambaye hajaanza kutaga.

Sasa kujua lipi lina mbegu. Kabla ya kulaliwa hakuna namna ya kujua kwa nje. Ukitaka kujua hali ya banda kwa ujumla, vunja moja kwenye kisosi. Juu ya kiini kuna doa jeupe dogo. Likiwa limejaa, dogo, kingo zake hazieleweki, hakuna mbegu. Likiwa na duara la wazi, pana kidogo, katikati angavu na ukingo mweupe, mbegu imo. Zile nyuzi nyeupe nene mbili pembeni usizihesabu. Kazi yake ni kukishikilia kiini kikae katikati, zimo kwenye kila yai.

Kwa hayo 11, subiri siku ya saba. Usiku, zima taa, chukua kipande cha boksi, toboa tundu dogo kuliko yai, funika tochi ya simu kwa boksi hilo, kaza upande mnene wa yai kwenye tundu. Lenye mbegu utaona nukta nyeusi na mishipa myekundu imesambaa kutoka kwake. Lisilo na mbegu liko wazi, unaona kivuli cha kiini tu. Ukikuta duara la damu bila mishipa, kimekufa njiani. Yaliyo wazi na yaliyokufa toa, yasije yakaoza na kupasuka chini ya mama. Fanya haraka, yasipoe. Na tia alama ya penseli kwenye hayo 11 leo hii, maana wenzake wataingia kumtagia juu na utachanganya siku.

Mwambie na binti kwamba lile yai alilolishika asubuhi, lenye joto, halikuwa linaanza maisha. Lilishaanza. Tangu mbegu ilipoingia lilikuwa kwenye joto la mwili wa mama karibu siku nzima, chembe zikigawanyika, na likitagwa tayari zinafika makumi ya maelfu. Likipoa zinasimama, zinangoja. Mtetea akianza kulalia, yote yanaamka siku moja, na ndiyo sababu yai la Jumatatu na yai la Jumamosi yanatotoa pamoja siku ya 21. Ila kungoja kuna mwisho. Ukipita wiki nguvu inapungua, na ukiyaweka karibu na jiko au chini ya bati yanaanza kuamka nusu nusu na kufa. Kwa joto letu la Kigoma, tafuta kona ya nyumba iliyo baridi kuliko zote, weka mayai juu ya mchanga, ncha nyembamba chini. Usiyaoshe. Yai linatoka na unyevu unaokauka mara moja na kuziba maelfu ya vitundu vya ganda, ukiosha umewafungulia vijidudu mlango.

Huyo mweusi mpe maji karibu. Kwa sasa ameacha kutaga kabisa: homoni ya kulea imepanda, na vile viini vilivyokuwa vinakua vinasinyaa na kunyonywa na mwili wake. Ukiona amekonda, ndivyo inavyokuwa.

Njiwa_Tabora

Habari za Kigoma. Mimi niko Tabora, Ng'ambo, nafuatilia uzi huu tangu mwanzo. Nafuga njiwa. Nina jozi moja niliyonunua sokoni, muuzaji aliapa ni dume na jike. Wanapendana, wanalishana midomo, wanapandana, wamejenga kiota. Lakini kiotani nakuta mayai manne badala ya mawili, na hayajawahi kutotoa hata moja. Jozi zangu nyingine zinatotoa vizuri chakula kile kile. Shangazi, nini tatizo? Niwape chokaa?

ShangaziKuku_Mwanga

Salama ndugu yangu wa Tabora. Chokaa wape, lakini tatizo si hilo. Una majike wawili.

Njiwa jike hutaga mayai mawili kwa mzao, la pili linafuata siku mbili baadaye hivi. Ukikuta manne kwenye kiota cha jozi moja, ni majike wawili wametaga kila mmoja mawili. Njiwa wakikosa dume hujipanga wawili wawili, mmoja anachukua nafasi ya dume, anapanda, anazunguka, anavimba shingo, wanapokezana kulalia. Ukiwatazama huwezi kugundua kitu. Mrija wa kila mmoja unafanya kazi yake kama nilivyoeleza kwa kuku, mbegu tu ndiyo hakuna. Yamulike kwa tochi siku ya tano, yote manne yatakuwa wazi, hayana mbegu.

Watenganishe. Chukua dume unayemjua, ambaye ameshatotoa na jike mwingine au anayetoka kwenye jozi iliyokufa mwenza, mfungie na mmoja wa hao kwenye chumba chao, wenzao wasiwaone. Njiwa hakubali mwenza siku moja, wape wiki moja au mbili. Yule jike wa pili usimwache kwenye banda hilo hilo mpaka jozi mpya imeshataga, atarudi kwa mwenzake na kumfukuza dume. Wakishataga, hesabu siku 17 au 18 tangu yai la pili. Na usinunue tena jozi sokoni kwa kiapo, nunua waliokutwa na vifaranga kiotani.